Bisibisi Iliyobaki Mwanza

Mama yule aliingia kwenye karakana ya majeneza pale Mabatini siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, na Nathaniel Chenge akajua mara moja kwamba hakuja kununua. Waliofiwa wana namna yao ya kuingia. Husimama kwanza barabarani kama waliopotea njia, husoma kibao mara mbili, kisha huingia ubavu ubavu, macho chini. Huyu aliingia wima. Aliyapita majeneza yaliyoegemezwa ukutani kama mtu anayepita katikati ya migomba yake mwenyewe, akavuta kigoda, akaketi, akaupakata mkoba wake wa kitambaa.

Nathaniel alizima mashine ya msasa, akamwamkia. Mama akaitikia kwa utaratibu wa watu wa Kagera, akauliza habari za nyumbani, za kazi, hata za mvua za huku. Alipomaliza zote akamuuliza kama yeye ndiye aliyelifunga jeneza la Jovinary Rwehumbiza, mwezi wa tatu, lile lililokwenda Muleba.

Fundi wa majeneza hakumbuki majina, hukumbuka vipimo. Nathaniel alifikiri kidogo, kipimo kikamjia: mninga, futi sita na inchi mbili, mabega mapana. Fundi simu wa Mirongo, kijana aliyeanguka ghafla kibandani kwake na simu ya mteja bado iko mkononi. Yeye na Nathaniel walipishana mwaka mmoja tu.

“Ni mimi, mama,” akasema. “Poleni sana.”

“Asante. Mimi ndiye mama yake, Kokugonza. Nimefuata bisibisi.”

Mkono wa Nathaniel uligusa mfuko wa aproni kabla yeye mwenyewe hajajua. Bisibisi ilikuwamo.

Ilikuwa bisibisi ya nyota, si ile ya msalaba inayouzwa kila duka, bali ya ncha sita kamili, ya kuingia kwenye skrubu zenye tundu la nyota kichwani. Nathaniel alizipenda skrubu hizo tangu chuo cha ufundi. Bisibisi ya msalaba ukiikaza sana huruka, inakula kichwa cha skrubu mpaka kinabaki shimo bovu. Ya nyota huuma, haichomoki. Siku alipoipata boksi nzima katika duka moja la vifaa mjini, na bisibisi yake moja ndani, alirudi karakana akiwa na furaha ya mtoto, akamwambia mwenye karakana, Mama Tereza, kwamba marehemu hastahili kufungiwa kwa skrubu iliyoliwa kichwa. Mama Tereza, mjane mnene aliyerithi kazi hiyo kwa mumewe, alimjibu kwamba katika miaka ishirini hajaona marehemu aliyerudi kulalamika.

Lakini Mama Tereza naye alikuwa na desturi yake, na hakuivunja hata mara moja. Jeneza lolote la safari, liwe la Geita, la Ukerewe au la Bukoba, lilitoka na bisibisi iliyofungwa kwa kitambaa cheupe kwenye kishikio cha miguuni. Mwili hufungwa mjini kwa ajili ya barabara, ukifika nyumbani hufunguliwa, ili waliomzaa marehemu waagane naye uso kwa uso. Bisibisi ile ilikuwa ufunguo wa mlango wa mwisho.

Siku ya Jovinary, Nathaniel alikaza skrubu nane pale nje ya chumba cha maiti, watu wakiimba, na aliponyanyuka mkono wake ukaitumbukiza bisibisi mfukoni. Hakufikiri. Karakana za Mabatini zimepangana ukuta kwa ukuta, na fundi akiweka kifaa chini ameshakiaga, jirani atakiazima na jirani wa jirani atakiazima kwake. Ndiyo maana Nathaniel alikuwa ameufundisha mkono wake kurudisha bisibisi mfukoni kabla kichwa hakijaamka. Aliigundua alipovua aproni saa kumi na moja jioni, pamoja na kile kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri. Gari lilikuwa limeshavuka daraja la Busisi, liko njia ya Geita. Namba ya simu ya mwenye msiba ilikuwa kwenye karatasi ya oda, mbele ya macho yake. Hakupiga. Alijiambia kwamba bisibisi ni bisibisi, huko waendako hawatakosa. Ukweli ni kwamba aliogopa kuonekana mzembe mbele ya wafiwa.

Sasa mfiwa mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake, akimsimulia bila hasira, kama anayesimulia habari za shamba.

Walifika alfajiri. Baada ya chai alikuja fundi wa kijiji na bisibisi zake mbili, bapa na msalaba. Bapa ilizunguka bure kama kijiko kwenye kikombe. Ya msalaba haikuingia kabisa. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba marehemu alikuwa fundi simu, na begi lake la kazi limekuja pamoja naye. Wakalifungua. Jovinary alikuwa nazo bisibisi za nyota, tena nyingi, zimepangwa kwenye kitambaa kuanzia kubwa hadi ndogo. Lakini zilikuwa za simu, hata ile kubwa kuliko zote haikuzidi njiti ya kiberiti. Mjomba alijaribu ya kwanza ikakatika. Ya pili ikakatika. Ya tatu ncha yake ikabaki humo humo ndani ya skrubu. Kijana mmoja akaleta tindo na nyundo, na mkubwa wa ukoo akamzuia, akasema hakuna mtu anayeingia nyumbani kwa mwenzake kwa tindo. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka ziwani. Padri alikuwa na maziko mengine Kamachumu. Saa saba wakamteremsha hivyo hivyo, na watu wakamsifu Ma Kokugonza kwamba ni mama jasiri, hakulia.

“Sikulia kwa sababu sikujua ni nani tunayemzika,” alisema.

Ma Kokugonza alianza kumwona siku ya nne baada ya maziko. Ilikuwa mchana, jua liko utosini, saa ambazo watu wa shamba wamerudi kujinyoosha. Mtu alikuja akasimama mlangoni, amempa kisogo. Shati lilikuwa lile la mirabamiraba ya bluu alilomnunulia mwenyewe Krismasi, na shingo ilikuwa ile aliyoiosha tangu ikiwa laini kama ndizi mbivu. Alimwita. Hakugeuka. Aliinuka akamzunguka, na kadiri alivyozunguka naye alizunguka, kisogo kikabaki kwake. Tangu siku hiyo hakukosa mchana hata mmoja. Anakuja, anasimama, anangoja kitu, anaondoka.

Ma Kokugonza alikuwa amelifikiria jambo hilo miezi mitatu, akafikia uamuzi. Mwanawe hawezi kumgeukia kwa kuwa hawakuagana uso kwa uso. Jumamosi hii ukoo unakutana kulijengea kaburi kwa saruji. Kabla ya Jumamosi kaburi ni udongo tu, na jembe analo. Kilichokosekana ni kitu kimoja.

Nathaniel alisikia mdomo wake ukisema kwamba bisibisi ile haipo, labda iko kwa fundi mwingine, labda imepotea. Mama alimtazama, akatazama mfuko wa aproni, akarudisha macho usoni.

“Nitangoja,” akasema.

Akangoja. Alikaa pale kigodani mpaka wanafunga, akaenda kulala kwa mpwa wake Lwakatare, Mirongo. Jumatano asubuhi Nathaniel alipofika alimkuta ameshafika, anafagia takataka za randa kwa ufagio wa karakana. Mama Tereza, anayechunga kufuli, alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani kwamba leo amepata mfanyakazi mpya, anayefika kabla ya jua, asiye na simu ya kuchezea, na vijana wajipange. Lakini alipomvuta Nathaniel nyuma, penye vanishi, sauti yake ilikuwa nyingine. Alimwambia kwamba yeye ameona makaburi yakifunguliwa mara mbili kwa amri ya mahakama, na kwamba baada ya miezi mitatu ardhi imeshafanya kazi yake. Atakachokikuta yule mama si uso.

“Ukimpa hiyo bisibisi,” alisema, “utakuwa umewafunga wawili, mwana na mama.”

Siku ile kazi haikwenda. Skrubu zilikuwa zile zile, mbao zile zile, lakini kila Nathaniel alipokaza, mninga ulitoa mlio mwembamba kama wa mtu anayetaka kusema na kinywa kimeshikwa. Alikuwa ameusikia mlio huo mara elfu. Hakuwahi kuusikiliza.

Ikapata saa saba. Majirani walikuwa wamekwenda kula, barabara imetulia kwa jua. Nathaniel aliinua kichwa akaona mtu amesimama mlangoni, amewapa kisogo, shati la mirabamiraba ya bluu, mabega mapana. Akadhani ni mteja. Wengi husimama hivyo, wanaogopa kutazama ndani. Akasema karibu, ndugu. Mtu hakugeuka. Akasema tena karibu, na ndani ya kifua chake tayari kitu kilikuwa kinapima, kama kinavyopima kila mtu kwa mazoea ya kazi: futi sita na inchi mbili.

Ufagio wa Ma Kokugonza ulinyamaza. Naye alikuwa anatazama pale pale.

Pikipiki ilipita ikitimua vumbi. Vumbi lilipotua mlango ulikuwa mtupu.

“Umemwona,” mama alisema. Hakuuliza.

Nathaniel alijibu kwamba ni mpita njia. Hakula mchana ule, na jioni alipofika chumbani kwake alikaa na mgongo ukutani, akiangalia mlango mpaka mwanga ukaisha.

Alhamisi akaja Lwakatare. Alikuwa mtu mzima mwenye haraka, karani wa ofisi moja mjini, miwani imemtelezea puani, na alichagua saa ambayo shangazi yake alikuwa amekwenda kuchota maji ya kunywa kwa jirani. Alikuwa na jambo moja. Kwa jina la Yesu fundi asimpe shangazi kile kitu. Ukoo ukisikia amegusa kaburi watamtenga, na yeye Lwakatare ndiye aliyemlipia basi bila kujua anafuata nini. Kisha akaleta dawa yake. Fundi amwambie shangazi jinsi marehemu alivyoonekana. Fundi ndiye aliyefunga mfuniko, jicho lake ndilo lililokuwa la mwisho. Yeye Lwakatare alikwisha kumwambia kwamba Jovinary alikuwa kama amelala, naye akamcheka, akasema kila maiti duniani huwa kama amelala, hata waliokufa kwa maumivu. Lakini fundi ni mtu baki, hana sababu ya kumfariji. Atamwamini.

Wazo lile lilimwingia Nathaniel kama maji kwenye koo kavu. Ni neno tu. Neno moja jema, na mama wa watu atarudi nyumbani salama, kaburi litajengewa, mlango utabaki mtupu. Mama aliporudi na ndoo, Nathaniel alivuta kigoda kingine, akaketi karibu naye, akamwambia kwamba amefikiri, na kwamba ni wajibu wake kumweleza. Yeye ndiye aliyemwona Jovinary mwisho.

Ma Kokugonza aliiweka ndoo chini. Akaibana mikono katikati ya magoti.

“Niambie, baba.”

“Alikuwa ametulia, mama. Uso wake ulikuwa na amani.”

“Walikuwa wamemnyoa ndevu?”

“Walimnyoa vizuri.”

“Na kile kidonda chake cha juu ya jicho? Kilikuwa kimepona?”

“Kilikuwa kimepona. Kovu dogo tu.”

“Na ule mwanya wake wa meno ya mbele? Ulionekana, au midomo ilifungwa?”

“Ulionekana kidogo, mama. Kama anayetaka kutabasamu.”

Sauti ya Ma Kokugonza haikupanda.

“Jovinary hakuwa na mwanya. Wala hakuwahi kuwa na kidonda juu ya jicho. Hukumtazama mwanangu.”

Kwa mbali Nathaniel alimsikia Mama Tereza akibishana na mtu juu ya vitasa. Ndipo akasema kweli, kwanza kwa maneno yaliyokatika katika, kisha yakatoka yenyewe.

Hakumtazama. Hakumtazama yeye wala mwingine yeyote. Mwezi wake wa kwanza kazini alifunga jeneza la binti wa darasa la pili, akamtazama, na kwa wiki nzima hakuweza kumeza ugali. Akajifunza namna ya kufanya kazi bila kuona. Unateremsha mfuniko huku umegeuza uso pembeni, watu wanadhani ni heshima, kisha unainama na kutazama vichwa vya skrubu tu. Ukitazama vichwa vya skrubu unaona nyota ndogo nane, huoni mtu. Ndiyo maana alizipenda nyota zile. Na siku ya Jovinary aligeuka zaidi ya siku zote, kwa sababu alipompima kijana wa rika lake alijipima. Jioni akaikuta bisibisi mfukoni, namba ya simu iko mbele yake, hakupiga. Na tangu Jumanne bisibisi ilikuwa hapa, kwenye aproni hii, alimdanganya tena.

Akaitoa. Mpini wake mwekundu ulikuwa umefifia kwa jasho. Akaishika katikati yao, asijue aiweke wapi.

Alitegemea atalaaniwa. Ma Kokugonza alifuta uso kwa upindo wa kanga.

“Kumbe hakuna aliyemwona,” alisema. “Mlimwosha, mkamvisha, mkamfunga, na hakuna aliyemwona. Ndiyo maana anazunguka.” Akanyoosha mkono. “Nipe. Kesho saa nane napanda basi.”

Sijui Nathaniel angefanya nini kama angekuwa mtu mwenye maneno mengi. Hakuwa nayo. Alikuwa na kazi ya mikono tu, na huko ndiko jibu lilikotoka. Alimwambia atampa, hatamficha tena. Lakini skrubu hizi zina namna yake, na zile zimekaa ardhini, moja ina ncha iliyovunjikia ndani. Asiyezijua atahangaika nazo mpaka jua lizame. Aje kesho asubuhi, amfundishe kwanza kufungua hapa, kwenye mwanga. Akishajua, aende nayo. Nathaniel alisema hivyo akimaanisha, na moyo ulimwuma kwa kumaanisha.

Mama alikubali.

Mchana ule wote Nathaniel alikata mninga. Hakuhitaji karatasi ya oda. Mama Tereza alimwuliza ni oda ya nani, akamjibu, naye akamtazama jinsi alivyokuwa akipiga randa, akaondoka bila mzaha wowote. Baadaye alirudi na kitambaa cheupe cha ndani, akakitandika mwenyewe, akapigilia kingo zake kwa mikono myepesi kama anayetandika kitanda cha mgeni.

Ijumaa saa tatu jeneza lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili, limefungwa, skrubu nane zikimetameta. Ma Kokugonza alilizunguka mara moja. Akapitisha kiganja kwenye mfuniko, kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Ndilo lenyewe,” akasema.

“Ni kipimo chake, mama. Ndani hamna mtu.”

“Najua.”

Akampa bisibisi. Alimwonyesha kwamba mtu hasukumi na kuzungusha kwa pamoja, anasukuma kwanza mpaka nyota ya chuma isikie nyota ya skrubu, hapo ndipo anazungusha, taratibu, na mkono wa pili unashika shingo ya bisibisi isiyumbe. Ma Kokugonza aliinama. Ya kwanza ilimshinda mara mbili. Mara ya tatu akasukuma kwa uzito wa bega, na mninga ukalia ule mlio wake mwembamba, skrubu ikaanza kupanda. Alipoitoa aliiweka kwenye upindo wa kanga, kama anayeokota maharage.

Ya pili. Ya tatu. Majirani walikuwa wameacha nyundo zao. Kwenye ya tano kifundo cha mkono kilimchoka, Nathaniel akanyoosha mkono amsaidie, mama akatikisa kichwa. Jasho lilimdondoka kwenye pua likaanguka kwenye mfuniko, akalifuta haraka kwa kanga, kwa aibu, kana kwamba amelidondoshea kwa mtu aliyelala. Ya sita. Ya saba. Alipofika kwenye ya nane alianza kuongea kwa sauti ya chini, Kihaya, na Nathaniel hakuelewa ila jina.

Skrubu ya nane ikatoka. Mama aliweka viganja viwili juu ya mfuniko na hakuunyanyua. Alisimama hivyo muda ambao ungetosha kusali rozari nusu. Mabega yake yalipanda na kushuka. Alikuwa ametoka Muleba kwa ajili ya kitendo hiki kimoja, na sasa kilikuwa mbele yake, hakiwezekani.

“Shika upande wa pili,” akasema hatimaye. “Na usigeuze uso.”

Nathaniel akashika. Mazoea yalimvuta shingo kando kama mkono wa mtu, akaikaza. Wakanyanyua pamoja.

Kitambaa cheupe. Harufu ya mninga mbichi. Mwanga wa mlangoni ukaingia mpaka chini, ukaonyesha mikunjo midogo Mama Tereza alipokuwa amepigilia.

Mama alitazama. Alitazama kuanzia juu, pale ambapo kichwa kingekuwa, akashuka polepole, akarudi juu tena. Midomo yake ilikuwa wazi.

“Unamwona?” akauliza, hakuinua macho.

Nathaniel alijua kabisa jibu ambalo lingekuwa la huruma. Lilikuwa kwenye ulimi, tamu, kama la jana.

“Hapana, mama. Naona kitambaa na mbao.”

“Na mimi,” alisema Ma Kokugonza. “Na mimi simwoni.”

Akaketi kwenye kigoda, si kwa kuanguka, kwa kuketi. Akakaa na zile skrubu kwenye upindo, akizigusa moja moja. Baada ya kitambo alisema kwamba miezi mitatu yote alidhani uso wa mwanawe umefungiwa ndani ya mbao, uko mle, mzima, unamngoja afungue. Alikuwa anausikia unavyopumua. Lakini sasa amefungua kwa mkono wake, amejua jinsi kunavyokuwa baada ya kufungua. Kuna upande wa ndani wa mbao, basi. Kule nako angefika kwenye upande wa ndani wa mbao, na kitu kingine ambacho si mwanawe. Uso wa Jovinary anao yeye. Alikuwa nao tangu alipomtoa tumboni na kuugeuzia kwenye mwanga.

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani, kile kinachoita watu, na watu wakaja kweli. Mama Tereza alikuja akamshika kiuno, akina mama wa genge la ndizi wakaja, hata mafundi wa jirani wakasimama mlangoni wamevua kofia. Kilio cha mwezi wa tatu kilitoka Mabatini mwezi wa sita, na hakuna aliyeona ajabu.

Alipotulia aliosha uso. Akamwambia Nathaniel waurudishe mfuniko mahali pake. Wakaurudisha, na mama akafunga mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, hakukosea hata moja, na safari hii mninga haukulia, au kama ulilia hakuna aliyesikia. Alipomaliza ya nane alisimama akiwa ameshika bisibisi. Nathaniel alingoja. Alikuwa ameahidi, na asingeivunja ahadi yake, hata kama mkono wa mama ungeitia kwenye mkoba.

Ma Kokugonza aliilaza juu ya mfuniko.

“Utafungulia wengine,” akasema.

Lwakatare alimpeleka kituo cha Nyegezi, na saa nane basi likaondoka.

Jumamosi mchana simu ya Nathaniel iliita. Sauti ya Ma Kokugonza ilikuja na upepo ndani yake na koleo zikikwaruza saruji. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyechota maji ya kuchanganyia. Alisema mkubwa wa ukoo amemsifu tena, na safari hii sifa ina sababu. Kisha akashusha sauti, kama anayeogopa kuliharibu jambo kwa kulitaja.

“Ni saa nane sasa, baba. Nimeangalia mlango tangu asubuhi. Leo hajaja.”

Karakana ilikuwa kimya. Jua lilikuwa kali, barabara tupu. Pale mlangoni alikuwa amesimama mtu, amempa Nathaniel kisogo, shati la mirabamiraba ya bluu, mabega mapana, ametulia kama anayengoja zamu yake.

“Tumshukuru Mungu, mama,” Nathaniel akasema.

Wakaagana. Akaiweka simu mezani. Mahali fulani ndani yake yule Nathaniel wa zamani alikuwa tayari anatafuta kichwa cha skrubu cha kukitazama. Akainuka. Akapita katikati ya majeneza, akatoka nje juani, akamzunguka yule mtu ili amtazame usoni.